Kiti Kigumu cha Kaka

Kaka yangu ameshuka milima yote ya ule msitu kwa baiskeli, kwenye tope na kwenye vumbi, bila kuvunja hata ukucha. Kisha asubuhi moja akapanda stuli ya jikoni kubadilisha balbu, akaanguka, akaumia mgongo hadi akapasuliwa. Wenzake wa klabu wanamwita Breki, kwa sababu hajawahi kuzitumia. Baada ya ile stuli wapo waliojaribu kumwita Balbu, lakini si mbele yake.

Daktari alimwambia asahau kukalia siti ya baiskeli. Kuinama juu ya usukani huku anarushwarushwa na mizizi ya miti, mgongo ule hautakubali, na safari ijayo asitegemee kutoka hospitali kwa miguu yake. Kutembea, ruhusa. Kuegemea, ruhusa. Kulala, ruhusa kabisa. Kaka akaishika hiyo ya mwisho, akaja kulala kwangu.

Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, na nimegawana ukuta na mume wangu, ambaye ni mchomeleaji wa mageti na vitanda vya chuma. Upande wake cheche zinaruka, upande wangu sponji na pamba zimejaa hadi darini, na kwa nini hatujaungua mpaka leo mimi sijui, muulizeni Mungu. Kila asubuhi wifi, yaani mke wa kaka, alikuwa akipita kwenda kazini ananikabidhi mumewe mlangoni.

"Wifi, mzigo wako huu."

"Wangu tena? Si wewe ndiye mkewe?"

"Mimi nilipewa mzima. Akiharibika anarudi kiwandani."

Kaka alijichagulia kochi la kijani, kubwa, mali ya mama mmoja mwenye duka la dawa aliyelileta nibadilishe kitambaa. Alilala hapo kutwa, siku baada ya siku, mpaka kochi likaingia shimo la umbo lake. Kulala tu ningevumilia. Tatizo lilikuwa mdomo. "Hapo umevuta sana kushoto." "Huo mshono mbona unayumba, umekunywa nini?" Mtu ambaye hajawahi kushona hata kifungo cha shati lake! Nampenda kaka yangu, lakini kuna siku nilikuwa na ile sindano ndefu iliyopinda mkononi, nikamtazama, nikawaza mambo ambayo dada hapaswi kuwaza.

Kisha mwenyekiti wa klabu akaja kumtembelea. Mwenyekiti ni daktari wa meno, na ana ile sauti ya kukuambia hutasikia maumivu. Alikaa ukingoni mwa kochi, karibu na miguu ya kaka, akatoa alichokiita habari njema. Kila mwaka klabu inapanda njia ya msituni mpaka kwenye mnara wa simu, juu kabisa, na mwaka huu wameamua kumheshimu Breki. Atapelekwa juu kwa gari. Kutakuwa na hema, chini ya hema kiti chenye utepe, na juu ya kiti yeye. Atapewa ngao. Tangu hapo atakuwa mwanachama wa heshima, kazi yake kuwashikia wenzake maji na kupuliza filimbi.

"Wewe ni hazina yetu," alisema mwenyekiti.

"Hazina hufukiwa," alisema kaka.

Mwenyekiti akacheka, akampigapiga gotini, akaaga.

Waliokwisha kuheshimiwa tuliwajua. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyepasuliwa goti, na mwoka mikate mwenye ugonjwa wa moyo. Walipewa ngao, wakapigiwa makofi, wakakalishwa, na hakuna hata mmoja aliyeinuka tena. Goti la mwalimu lilishapona zamani, lakini yeye bado anapuliza filimbi. Kaka aligeukia mgongo wa kochi akaficha uso. Nilidhani amesinzia. Kisha nikaona mabega yanatikisika, nikajua kaka yangu analia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata siku ile ya stuli.

"Wananizika nikiwa nimekaa," alisema.

Mpaka siku hiyo nilikuwa nataka atoke kwenye lile kochi kwa ajili ya kochi. Kuanzia hapo nilitaka atoke kwa ajili yake, na iliniuma sana.

Upande wa pili wa ukuta mashine ya kuchomelea ikanyamaza. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kwa shingo upande. Alichungulia, kinyago kimepandishwa kipajini.

"Shemeji. Daktari alisema kuegemea unaruhusiwa?"

"Ndiyo."

"Na miguu?"

"Miguu haina neno."

"Basi," alisema, akashusha kinyago.

Alichotengeneza ni baiskeli ya kulala. Alikuwa ameziona kwenye simu, watu wa mbali wakipita nazo kwenye barabara laini, wamejinyoosha utadhani wanasubiri kuletewa soda. Mwendeshaji haikalii kwa kuipanda. Anaegemea kiti chenye mgongo, miguu imenyooka, pedali ziko kule mbele kabisa, na makalio yanakaribia kuburuta ardhi. Yetu haikuwa ya barabara laini. Fremu ilitoka kwenye mabomba ya kitanda cha watu wawili, magurudumu kwenye baiskeli ya zamani ya kaka, yale yenye matairi ya meno makubwa, na cheni aliziunga mpaka ikapatikana moja ndefu ya kutosha kufungia geti. Ilipokamilika ilikuwa na sura mbaya kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza, na huyu ni mtu ambaye mchungaji alimrudishia geti la kanisa.

Kiti kilikuwa kazi yangu, na nilikifanya kama fundi wa makochi anavyofanya kiti. Nilitia springi. Juu ya springi sponji nene, juu ya sponji pamba, juu ya pamba velveti ya zambarau yenye vifungo. Watu hutoka mbali kuja kwangu kwa sababu makochi yangu yanazamisha. Mgeni akishakaa, sharti avutwe mkono ndipo ainuke. Nikampa kaka kiti cha namna hiyo, kwa mapenzi yote niliyonayo. Akaegemea, akazama, akafumba macho.

"Dada," alisema, "hapa hata wakinizika, sawa tu."

Kisha akakanyaga pedali. Miguu ikaenda mbele, mgongo ukaenda nyuma, springi zikalia, na baiskeli ikabaki pale pale. Akakanyaga tena kwa nguvu zaidi, akazidi kuzama. Wifi, aliyekuwa amekuja kumchukua, alicheka mpaka akakaa chini uwanjani na nguo zake za ofisini.

"Mguu ukisukuma, mgongo unataka ukuta," alisema mume wangu. "Wewe umempa uji."

Uji! Sikumsemesha hadi kesho yake. Lakini alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikavua velveti, nikang'oa springi, nikabaki na fremu tupu ya chuma. Nikaisuka kwa ile mikanda inayokaa chini ya kochi, mahali ambapo mteja haoni, nikaivuta mpaka ukiigonga kwa kidole inalia. Juu yake kitambaa cha turubai, basi. Kilikuwa kigumu kuliko benchi la kituo cha polisi. Niliwaomba wote wasimtaje aliyekitengeneza.

Halafu kuanguka kukaanza. Baiskeli ya kulala ina hatari yake kwenye njia mbovu. Mguu ukichomoka kwenye pedali, kisigino kinashika ardhi na baiskeli inapita juu ya mguu wako mwenyewe. Kwa hiyo nikamshonea kaka mikanda ya kufunga viatu kwenye pedali. Mguu haukuchomoka tena. Ila haukuchomoka hata alipotaka kusimama, na kila aliposimama alianguka. Alianguka getini. Alianguka kwenye maua ya jirani, akawasalimia wenye nyumba kwa adabu zote akiwa amelala ubavu, viatu bado viko kwenye pedali. Uzuri ni kwamba alikuwa chini tayari, hakuwa na mahali pa kuangukia, na mgongo haukulalamika hata mara moja. Tulimwinua, tukampangusa, tukamshikilia, akaondoka tena.

Huko msituni alijifunza kila kitu upya. Zamani akikuta gogo aliinuka kwenye siti, akaivuta baiskeli juu, akapita. Sasa hana namna ya kuinuka, inambidi alione gogo mapema na kulizunguka. Nyasi zilimchapa masikioni. Mbele yake aliona vidole vyake vya miguu na mawingu. Mteremko ulikuwa raha tupu, maana hakuna wa kurushwa juu ya usukani wakati mtu mwenyewe amelala. Kazi ilikuwa kupanda. Mlimani hawezi kusimama juu ya pedali akatumia uzito wake, ana mapaja yake na ule ukuta mgongoni, basi, na baiskeli ikisimama hata kidogo hawezi kuanza tena mpaka asukumwe. Lakini sauti yake ilirudi. Jioni alikuwa akija na majani mdomoni, anatukana mizizi, mmoja mmoja, kama watu aliosoma nao. Kochi la kijani likabaki wazi, na shimo lake katikati.

Siku moja alikwenda nayo mpaka kwa mwenyekiti, akaanguka mbele ya kliniki. Wagonjwa walitoka nje na pamba mdomoni kuangalia.

"Hicho ni kitanda," alisema mwenyekiti.

"Kina pedali."

"Breki, ndugu yangu, pokea heshima yako. Watu wanakupenda."

"Nipe sharti," alisema kaka, akiwa bado amelala chini.

Sharti likawa hili: apande mpaka mnarani, mguu wake usiguse ardhi, na mtu asimsukume. Akiweza, ni mwanachama kama wengine na habari ya kiti isitajwe tena. Akishindwa, atakaa chini ya hema, atachukua ngao, na atapuliza filimbi mpaka kifo nacho kije kumpa heshima zake. Hilo la kifo aliliongeza yeye mwenyewe alipokuwa anatusimulia. Walipeana mikono, na kaka yangu akishatoa mkono harudi nyuma.

Mchana wa siku moja kabla ya safari alikuja nimkazie mikanda ya pedali, akavua shati kwa sababu ya joto. Nilimwona mgongo. Mikanda ya kiti ilikuwa imemchora miraba, mingine myekundu, mingine inaelekea weusi, kutoka mabegani hadi kiunoni, na katikati yake lile kovu la operesheni.

"Linauma?"

"Ni kiti tu," alisema, akavaa shati lake upesi.

Akaenda zake, akaniachia baiskeli. Nikabaki na kile kiti, mimi ambaye kazi yangu yote ni watu wakae wasiumie, na kaka yangu wa tumbo moja ndiye niliyempa chuma na mikanda. Mikono ilikataa. Nilifumua pindo, nikaingiza sponji, nyembamba, ile ngumu ya viti vya ofisini, kipande kimoja tu. Nikashona kwa uzi maradufu, mshono wa ndani ambao huwa nawaapia wateja kwamba watakufa wao kwanza. Sikumwambia mtu. Asubuhi kaka alipoegemea alisema kiti leo kimekuwa na utu. Nikamwambia ni hali ya hewa.

Kilima kibaya kuliko vyote kwenye njia ile wanakiita Mama Mkwe, kwa sababu kila anayekikaribia hupunguza sauti na kuinamisha kichwa. Kiko karibu na mwisho, na ukishakimaliza ni tambarare mpaka mnarani. Tulikwenda huko kwa njia ya mkato, mimi, wifi, na mume wangu na boksi lake la vifaa, tukakaa juu ya mawe kusubiri.

Wa kwanza wakapita wamesimama juu ya pedali, ndimi nje. Waliofuata walishuka wakasukuma baiskeli zao, na hao hakuna aliyewapa sharti lolote, jambo nililolisema kwa sauti ili walisikie. Kisha njia ikanyamaza, na ukimya ukazidi. Wifi alimaliza kutafuna kucha zake akaanza kuzitazama zangu.

Ndipo tukasikia ugomvi unakuja kutoka chini.

"Uligusa!"

"Bega liligusa. Mguu ulikuwa kwenye pedali."

"Ulilala kabisa kwenye tope!"

"Mimi nimelala tangu asubuhi, ndiyo baiskeli yenyewe."

Wakatokeza kwenye kona. Kaka alikuwa na tope upande mmoja, kuanzia sikioni hadi gotini. Mwenyekiti alikuwa kando yake kwa miguu, anasukuma baiskeli yake inayong'aa, macho hayabanduki kwenye viatu vya kaka. Huko chini, kwenye tambarare, kaka alikuwa ameanguka, wakamwinua na kumshikilia hadi akaondoka, lakini hakuna aliyemsukuma, na hilo mwenyekiti mwenyewe hakuweza kulikana. Sasa walikuwa wamefika Mama Mkwe. Kaka akashusha gia mpaka ya mwisho, akaanza kupanda.

Alianza vizuri. Halafu mwendo ukapungua. Ukapungua tena. Nilimwangalia mabega. Kila alipokanyaga, mabega yalirudi nyuma kidogo, kidogo tu, na hicho kidogo ndicho baiskeli ilichokikosa. Mtu mwingine asingeona. Mimi najua sponji inavyomeza kitu, ndiyo kazi inayonilisha. Gurudumu la mbele lilianza kuyumba, na hapo mlimani akisimama ndiyo basi, hakuna kuanza tena.

"Uji!" kaka alipiga kelele. "Dada! Kwenye kiti kuna uji!"

Mume wangu akanigeukia taratibu.

Nikachomoa mkasi kiunoni, nikakimbia. Nilimfuata kwa nyuma nimeinama, baiskeli inakwenda mwendo wa kufuata jeneza, nikaingiza ncha ya mkasi kwenye pindo la mgongo wa kiti. Pindo likakataa. Uzi maradufu, mshono wa ndani! Nilijilaani kwa ufundi wangu, nikawalaani na wateja wote walionisifu.

"Anamsukuma!" alipayuka mwenyekiti. "Jamani, anamsukuma!"

"Sisukumi, navuta!"

"Haruhusiwi kuguswa!"

"Simgusi yeye, nagusa kochi! Wewe shughulika na meno!"

Uzi ukakatika. Nikashika sponji kwa mikono miwili, nikavuta, mguu mmoja kwenye njia na mmoja kwenye mfereji wa maji ya mvua. Sponji ikatoka, na nyuma yake likafuata taulo. Taulo lenye maua, limekunjwa vizuri. Halikuwa langu. Nikageuka nikamwona wifi amejiziba mdomo kwa viganja.

"Nilipitisha kwa chini asubuhi," alisema. "Nilimwonea huruma. Mgongo wake ule, wifi, wewe huuoni kila siku."

Na mimi hapo nilikuwa nimekumbatia sponji. Mgongo wa kaka ulirudi kwenye mikanda, nikasikia ile sauti ya mwili kupiga kitu kigumu, na wangu ukaniuma palepale. Baiskeli ikaruka mbele. Kaka akaguna kutoka tumboni, akakanyaga, na safari hii mabega hayakurudi nyuma hata kidogo.

"Inauma?" nilimuuliza huku nakimbia.

"Inauma sana!" alijibu, na alikuwa anacheka. Meno yote nje, na tope juu ya meno.

Nilisimama hapo hapo nikamwacha aende. Maumivu yale mimi nilikuwa nayaogopa kuliko yeye. Tangu stuli ile, sote tulikuwa tunamzungushia mito, na kila mto ulikuwa unamzamisha. Nilimwona anapanda ile sehemu ya mwisho, kitambaa cha kiti kinapepea nyuma yake kimepasuka, gurudumu la mbele linanyanyuka na kushuka, mwenyekiti anakimbia kando akiangalia viatu. Kisha kilima kikaisha. Nililia bila aibu, nikapangusia machozi sponji ya ofisini.

Tulipofika mnarani, yule mwalimu wa goti alikuwa anapuliza filimbi, na hakutaka kuacha. Aliipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, huku anaizunguka baiskeli, anachungulia pedali, anapapasa goti lake. Kaka alikuwa bado ameegemea, ameshikiliwa na watu, amekataa kushuka.

"Nikishuka atasema mguu umegusa."

"Umeshafika, Breki," alisema mwenyekiti. "Nimekubali. Shuka sasa."

"Sema mbele ya watu."

Mwenyekiti akasema mbele ya watu. Alilisema vizuri, hilo nitampa, ingawa kwa sauti ya mtu aliyeng'olewa jino lake mwenyewe. Sasa akabaki na ngao mkononi, imeandikwa Breki kwa dhahabu, hajui aipeleke wapi. Mimi wakati huo miguu ilikuwa imekwisha kabisa, na kitu pekee cha kukalia kilikuwa kile kiti chini ya hema. Nilikikalia, utepe na yote. Kilikuwa cha plastiki. Kumheshimu mtu kwa kiti cha plastiki, fundi wa makochi yupo mji huo huo!

"Mpe dada," alisema kaka. "Amekaa tayari."

Nikapewa ngao. Watu wakapiga makofi, wengine kwa kucheka, wengine kwa kweli. Kaka hakungoja yaishe. Aliomba ageuziwe baiskeli kuelekea mteremko, akawaambia wamwachie, akatoweka kati ya misonobari, miguu mbele, anapiga kelele kama mtoto aliyeachiwa nyumba peke yake. Breki hazikusikika mahali popote. Mwalimu wa goti alimtazama mpaka mwisho, kisha akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu anapokea kazi.

Jioni, mezani, mume wangu aliweka kijiko chini.

"Na mimi nilitia raba kwenye bolti za kiti," alisema. "Ndogo tu."

Kesho yake alizitoa. Sikumcheka, au nilimcheka kidogo.

Mama wa duka la dawa alituma ujumbe kwamba anakuja kuchukua kochi lake la kijani. Asubuhi hiyo wifi alipita mlangoni peke yake, akanipungia mkono, akaenda kazini. Nilililaza kochi mezani. Shimo la kaka lilikuwa bado lipo. Ungeweza kuonyesha palipokuwa bega, palipokuwa nyonga, na pale alipoweka kisigino juu ya mkono wa kochi nikimkataza. Nililipiga kwa kiganja, halikuinuka. Ikabidi nilifungue. Nikachukua ile sponji ya Mama Mkwe, nilikuwa nimeifua na doa la tope limekataa kutoka, nikaikata, nikaijaza pale. Ikatosha vizuri.

Nikavuta kitambaa kipya, nikaanza kushona. Karakana ilikuwa kimya. Nilizoea kufanya kazi kwa kelele, nikajikuta nanyoosha shingo kuangalia pale kochi lilipokuwa likikaa.

"Hapa nimevuta sana kushoto?" niliuliza kwa sauti.

Hakuna aliyejibu. Nikarudi nyuma hatua moja, nikatazama. Nikachukua mkasi, nikafumua, nikavuta upya.